Mashine zasema ni mzima, mguu wakataa

NI Jumamosi asubuhi mtaani Langas, jijini Eldoret, na shangazi yangu ameketi nyuma ya cherehani yake ya miguu akiungojea mguu wake wa kushoto.

Naam, msomaji, umesoma sawasawa. Hangoji mteja, wala uzi, wala stima. Angoja mguu. Kitambaa cha sare ya shule kimelazwa chini ya sindano, mguu wa kulia umekaa tayari juu ya kibao cha kukanyagia, lakini wa kushoto umelala pale kama gogo lililovishwa kiatu.

"Utakuja," aniambia bila kuinua macho. "Ukiukimbiza ndio unakataa kabisa."

Mambo haya yalianza mwaka 2014, alipokuwa na umri wa miaka 41. Kwanza kilikuja kichwa: utosini palimwaka moto kana kwamba amewekewa kaa la jiko. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio usiku, hata akiwa amelala tuli. Tumbo likajaa. Vidole vikashikwa na ganzi, na ngozi ya mgongo ikawa kama inatambaliwa na siafu. Mguu ulijiunga na wenzake mwaka 2016, nao ndio uliomtisha zaidi, kwa kuwa fundi wa cherehani ya miguu asiye na mguu ni sawa na dereva asiye na usukani.

Alizunguka zahanati, hospitali na maduka ya dawa kwa miaka mitano. Kila mahali alipimwa, na kila alipopanda hadi kwenye mashine kubwa zaidi majibu yalikuwa yale yale: damu safi, moyo mzima, kichwani hamna kitu.

"Wanasema sina kitu," alikuwa akilalamika. "Basi hiki ninachokisikia ni nini?"

Swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Yamkini hata wewe unayesoma una mama, ndugu au rafiki wa shuleni ambaye huumwa mwaka mzima na ambaye familia imechoka kumsikiliza.

Mfuko wa nailoni

Shangazi huweka karatasi zake za hospitali ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, wa aina iliyopigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017. Huu wake umenusurika kwa sababu hautoki nyumbani ila kwenda kwa daktari. Siku moja aliniruhusu kuumwaga juu ya meza.

Nilihesabu vipimo 9 vya taifodi na 6 vya brusela. Kulikuwa na picha 4 za eksirei, michoro 2 ya mapigo ya moyo, skani 1 ya kichwa, na karatasi ya siku ile alipomezeshwa mpira wenye taa ili tumbo limulikwe. Stakabadhi za malipo sikuzihesabu. Nilijua tu kwamba ng'ombe wawili wa maziwa waliokuwa nyumbani kwao mashambani hawako tena, na kwamba mwanawe wa kiume alikaa nje muhula mzima kwa ajili ya karo.

Eldoret si mahali ambapo mtu anaweza kulalamika kwamba hospitali ziko mbali. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya vitanda 60, ikapandishwa hadhi kuwa ya mafunzo na rufaa mwaka 1998, na leo wagonjwa huletwa kutoka kote Bonde la Ufa ya Kaskazini, Magharibi mwa Kenya, na hata ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Kandokando ya barabara kuu za jiji zimejaa maabara za kibinafsi. Ukitembea na shilingi mfukoni huwezi kukosa wa kukutoa damu.

Na hapo ndipo shida ya watu kama shangazi yangu hupata mbolea.

Taifodi kila mwezi

Ni nani katika mji huu hajawahi kuambiwa ana taifodi? Nina rafiki aliyeambiwa hivyo mara tatu katika mwaka mmoja. Kipimo kinachotumika sana katika vichochoro vyetu ni kile kilichoanzishwa na daktari Mfaransa, Fernand Widal, mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Hutafuta alama za vita ndani ya damu, yaani kingamwili, na alama hizo zaweza kuwa zimebaki kutokana na vita vya zamani au vita na adui mwingine kabisa. Ndiyo maana wataalamu husema kipimo kimoja cha namna hiyo hakitoshi, na kwamba njia bora ni kuiotesha damu katika maabara ili mdudu aonekane.

Hali ya brusela ni hiyo hiyo. Ugonjwa huu ni wa kweli, na katika nchi ya wafugaji inayopenda maziwa kama hii yetu haufai kufanyiwa mzaha: maziwa mabichi huweza kumletea mtu homa, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Lakini utafiti uliofanywa katika hospitali za Busia na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika kilimpata na "brusela" karibu mgonjwa mmoja kati ya kila watano wenye homa, ilhali vipimo vya kuaminika zaidi vilimpata hata asiyefika mmoja kati ya mia moja. Hesabu mwenyewe ni wangapi waliomeza dawa za wiki sita kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Shangazi alimeza. Na jambo la kushangaza ni kwamba kila mara alipata nafuu, siku nne, siku tano, hata wiki mbili. Hatimaye ugonjwa ulikuwa na jina! Aliweza kuwaambia majirani, na majirani wakampa pole. Halafu kaa la moto likarudi utosini, naye akarudi maabara.

Sisemi kwamba walioko kwenye maabara hizo ni wezi. Mgonjwa anapofika akilia, akitaka jibu, na karatasi ikaonyesha alama ya kujumlisha, ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba karatasi nayo yaweza kudanganya.

"Anajifanya"

Kilichomuumiza shangazi zaidi, hata kuliko mguu, kilitoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi moja mwaka 2018 mteja alifika akiwa na hasira kwa sababu suruali ya mwanawe ilikuwa imeshonwa fupi. Shangazi, ambaye dakika tano kabla alikuwa amesema mguu hausogei, alianza kubishana. Huku akibishana akavuta suruali ile, akaitia chini ya sindano, na miguu yote miwili ikakanyaga kibao kama zamani. Cherehani ikalia trrrr mpaka pindo likaisha. Binti yake alikuwa mlangoni akitazama.

"Mama, kumbe unaweza," akamwambia.

Shangazi akatazama chini. Mguu ukasimama.

Tangu siku hiyo neno "anajifanya" likaingia katika ukoo wetu, likiongelewa jikoni na kwenye mikutano ya harusi. Wengine walisema anataka huruma. Wengine walisema amerogwa na fundi mwenzake aliyemwonea gere. Alipelekwa kuombewa mara kadhaa, na nakiri kwamba katika maombi hayo alipata amani fulani, kwa kuwa angalau pale hakuna aliyemwambia hana kitu. Mimi mwenyewe, na si bila aibu naandika haya, nilikuwa miongoni mwa waliosema anajifanya.

Daktari mmoja wa zahanati, ambayo sitaitaja, alimwambia mbele ya watu kwenye foleni aende nyumbani akapumzike, asiwanyime nafasi wagonjwa wa kweli. Mwingine alimwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa akili. Hiyo aliirarua njiani. Katika Kenya hii mtu akikuambia "utapelekwa Mathari" amekutukana, ingawa hospitali hiyo ya Nairobi imekuwa ikihudumia wagonjwa tangu mwaka 1910 na wengi wametoka humo wakiwa wazima.

Wasichana wa Eregi

Kama kuna kisa kilichowafanya Wakenya wengi wajiulize swali la shangazi, ni kile cha Oktoba 2023 katika Shule ya Upili ya Wasichana ya St Theresa's Eregi, Kaunti ya Kakamega. Bila shaka uliona picha za video zilizosambaa kwenye simu: wasichana waliovalia sare wakijaribu kutembea uwanjani, magoti yakigonga, miguu ikitetemeka na kurushwa huku na kule kama si yao. Zaidi ya wanafunzi 90 walipelekwa hospitalini. Shule ikafungwa.

Wazazi walikuwa na haki ya kuogopa. Miezi michache tu kabla, Aprili 2023, shule nyingine ya wasichana katika kaunti hiyo hiyo, Sacred Heart Mukumu, ilikuwa imefungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua. Mukumu kulikuwa na vifo vya wanafunzi na mwalimu, na uchunguzi wa Wizara ya Afya ukakuta wadudu wa kuharisha na wa taifodi waliotokana na chakula na maji machafu. Huo ulikuwa ugonjwa wenye jina na mdudu wake.

Kwa hivyo Eregi damu, mkojo na makohozi vilikusanywa na kupelekwa maabara za Kisumu na Nairobi. Mdudu hakupatikana. Sumu haikupatikana. Maafisa wa afya walisema wanaamini ni mtafaruku wa hisia uliowaambukiza wengi kwa wakati mmoja, katika miezi ile ya mwisho ya mwaka ambapo mitihani hukaribia. Wasichana wakapata nafuu.

Nakumbuka yaliyosemwa kwenye matatu ya kutoka Langas kwenda mjini wiki hiyo. Nusu ya abiria walisema ni majini, nusu wakasema wasichana hao wanaogopa mtihani na wachapwe viboko. Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi dirishani, hakusema neno. Aliposhuka aliniambia, "Wale watoto hawajifanyi. Mimi naujua mguu ule."

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mnamo Januari 30, 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni kijijini Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kushindwa kunyamaza. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa na vicheko, vilio na wasiwasi. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Walipopelekwa makwao hali ilienda nao: katika vijiji vya Nshamba watu 217, wengi wao vijana, walishikwa katika muda usiozidi miezi miwili. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walipima damu, wakachunguza chakula, na kuandika ripoti yao mwaka 1963. Hawakupata sumu wala mdudu, na hakuna aliyekufa.

Watu hukisimulia kisa cha Kashasha kama kichekesho. Waliokuwepo hawakukiona hivyo. Mtoto anayecheka kwa saa nyingi huku machozi yakimtiririka na mbavu zikimuuma hachekeshi.

Mbwa aliyewahi kuibiwa

Je, mwili mzima unawezaje kuuma? Swali hili lina majibu mepesi kidogo na majibu magumu.

Mepesi ni haya. Mtu akishtuka, mwili humwaga homoni za kukimbia au kupigana: moyo huenda mbio, tumbo hujikunja, misuli ya shingo hukaza. Akianza kupumua kwa haraka bila kujua, hewa chafu ya kaboni hupungua mno katika damu, na vidole na midomo hufa ganzi. Hakuna mashine itakayoonyesha uharibifu, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Misuli ikikaza miezi sita mfululizo itauma kwelikweli, na eksirei hupiga picha mifupa, haipigi picha ukazo.

Magumu yanahusu ubongo wenyewe. Maumivu ni king'ora, na king'ora chaweza kulia bila moto. Waliokatwa mguu wengi huendelea kusikia uchungu katika unyayo ambao haupo tena, na hakuna anayewaambia wanajifanya. Nimeipenda zaidi mfano wa mbwa. Nyumba iliyowahi kuibiwa, mbwa wake hubweka usiku kucha hata kwa jani linaloanguka. Mbwa haongopi. Amejifunza kupita kiasi. Kadiri mwenye nyumba anavyoamka kila mara na tochi, ndivyo mbwa anavyozidi kuamini kuwa kweli kuna mwizi.

Nilipousikia mfano huo nilidhani nimepata ufunguo wa kisa cha shangazi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki ziliua watu 1,133 kote nchini, Langas iliungua, na shangazi alikimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Eldoret na kulala humo kwa wiki kadhaa. Nikamweleza kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa niambie," akasema, "mbona ulinisubiri mpaka 2014? Na jirani yangu aliyepoteza mume, mbona anatembea?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Wataalamu wa siku hizi nao wamejifunza kutokuwa na haraka. Zamani za Wayunani walilaumu tumbo la uzazi, na neno histeria likatokana na jina la kiungo hicho. Karne ya 19 daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alitafuta sababu ndani ya neva, na baadaye kina Freud wakaitafuta katika siri za utotoni. Leo wengi wao husema kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kuna mshtuko uliotangulia, kwa wengine kulikuwa na jeraha dogo au homa ya kawaida, na kwa wengine hakuna linaloonekana. Tangu mwaka 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kimeacha kabisa kudai kwamba lazima sababu ya kimwili ikosekane. Kinatazama dalili zenyewe na jinsi zinavyoyatawala maisha ya mtu. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imefuata njia hiyo hiyo.

Hii haimaanishi huzuni na wasiwasi vipuuzwe. Utafiti wa Prof. David Ndetei na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwahoji wagonjwa wapatao 2,800 katika hospitali na vituo vya kawaida vya afya nchini Kenya. Takriban asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona, kuanzia nyepesi hadi nzito. Waliokuwa wameandikiwa ugonjwa wowote wa akili katika faili zao ni kama asilimia 4 tu. Wengine wote walikuwa pale kwa ajili ya kichwa, mgongo, tumbo na kifua. Katika lugha zetu hatusemi "nina sonona." Twasema moyo ni mzito, twasema kichwa kinawaka, na daktari mwenye foleni ya watu 60 huandika dawa ya kichwa.

Kisigino mkononi

Mabadiliko ya shangazi yalianza mwaka 2019 kwa daktari wa neva aliyefanya jambo ambalo wengine wote hawakulifanya: aliushika mguu.

Alimlaza kitandani, akaweka kiganja chake chini ya kisigino cha kushoto, akamwambia akandamize. Kisigino hakikukandamiza. Kisha, bila kuondoa kiganja, akamwambia ainue mguu wa kulia, huku akiuzuia kwa mkono mwingine. Shangazi alipojitahidi kuinua wa kulia, kisigino cha kushoto kilikandamiza kiganja kwa nguvu zake zote.

Mbinu hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Ilielezwa na daktari wa Marekani, Charles Franklin Hoover, mwaka 1908. Mwili ukinyanyua mguu mmoja, mwingine hujikaza wenyewe ili mtu asiyumbe. Ikiwa neva zimekatika au ubongo umepata kiharusi, mguu dhaifu hubaki dhaifu. Ikiwa nguvu hurudi mtu asipoufikiria, basi njia ya ujumbe ni nzima na kilichoharibika ni namna ya kuutuma.

Kwa miaka mingi madaktari walizitumia mbinu kama hizo kuwanasa wagonjwa, kama polisi anavyomnasa mwongo. Huyu alizitumia kinyume. Alimwita binti mtu aingie, akarudia jaribio mbele yake, na kueleza kwamba redio yaweza kuwa nzima, betri mpya, lakini mshale umetoka nje ya stesheni. Akasema siku ile ya suruali fupi haikuwa ushahidi wa uongo. Ilikuwa habari njema kuliko zote zilizomo ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa ilionyesha mguu bado unaijua kazi.

Shangazi alilia. Binti naye akalia. Baadaye alinieleza kwamba hakulia kwa sababu amepona, maana alitoka pale akichechemea kama alivyoingia.

Alipewa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyemfundisha kukanyaga kibao huku akiimba, akihesabu kwa kurudi nyuma, au akizungumza na wateja, ili macho na mawazo yaondoke mguuni. Alipewa kidonge kidogo cha usiku, cha aina inayotumika kutibu sonona, ambacho kwa kipimo cha chini hutuliza maumivu na kuleta usingizi. Alipewa pia daktari mmoja wa kumwona kila baada ya miezi miwili, awe mgonjwa au asiwe mgonjwa, ili asilazimike kuzidiwa ndipo asikilizwe. Na alikubali, baada ya mwaka mzima wa kukataa, kuzungumza na mshauri nasaha.

Je, mashine zikikosea?

Msomaji makini atauliza: na kama kweli kuna ugonjwa ambao haujaonekana bado? Ni swali la haki. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilisemwa kuwa ni mawazo na pilipili, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba wengi wa wagonjwa hao wana bakteria tumboni. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 akaugua, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyechunguzwa vizuri mambo hayaendi hivyo mara nyingi. Huko Scotland watafiti waliwafuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 ambao madaktari wa neva walikuwa wameona dalili zao hazielezeki kwa ugonjwa wa kimwili. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, wanne tu ndio waliogunduliwa kuwa na ugonjwa ambao ungeeleza dalili zile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Kumbuka walichunguzwa na mabingwa, si kwa kuchomwa kidole nyuma ya duka la dawa.

Isitoshe, mtu mwenye dalili za aina hii hana kinga ya magonjwa mengine. Akikonda bila sababu, akiona damu katika choo, akipata uvimbe, homa isiyoisha, kifua kinachobana anapotembea, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Mwaka 2021 shangazi alipata homa kali. Jamaa wote, mimi nikiwemo, tulisema ni yale yale. Ilikuwa malaria, aliyotoka nayo msibani Busia. Alilazwa siku tatu.

Na kwa wenye jamaa kama huyu nyumbani, neno ambalo shangazi anasema lilimsaidia halikutoka kwa daktari. Lilitoka kwa mwanawe wa kiume, aliyeacha kumuuliza "leo unaumwa wapi?" na kuanza kumuuliza "leo umeshona ngapi?"

Mota ndani ya boksi

Mwana huyo alimnunulia mota ya umeme ya kufungwa kwenye cherehani, ili asihitaji mguu. Ilikuwa zawadi ya mapenzi. Mtaalamu wa mazoezi alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akasema iwekwe karibu, ila isifungwe kila siku. Imo ndani ya boksi lake chini ya meza. Januari, msimu wa sare za shule, wateja wanapojaa hadi barabarani, huifunga kwa siku mbili tatu bila kujilaumu, halafu huirudisha.

Kaa la utosini bado huja, hasa mwisho wa mwezi. Siafu wa mgongoni wamepungua. Mfuko wa nailoni haujaongezwa karatasi ya taifodi tangu 2019.

Jumamosi hii nimekaa naye karibu robo saa, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Anafungulia redio, na watangazaji wanabishana kuhusu mbio za nyika. Mama mmoja anapita na mtoto, anauliza bei ya sweta. Shangazi anamtajia, mama anasema ni ghali, shangazi anamwambia aende akaulize kwingine kisha arudi. Wanacheka. Katikati ya kicheko hicho nasikia gurudumu likianza kuzunguka, polepole, halafu kwa kasi.

Sitazami chini. Ameshanionya nisitazame.

"Chai iko kwenye thamosi," aniambia. "Nimiminie na mimi, lakini usijaze kikombe."